Rezista za laini ya RS-485: kufunga ncha na kuegemeza waya

Laini ya RS-485, yaani njia ya waya mbili inayopeleka data kati ya vifaa, ikianza kukatakata data, wengi hukimbilia programu. Mimi huanza na mita ya kupimia omu na volti (multimita), kwa sababu mara nyingi tatizo ni rezista: haipo, imezidi, au imewekwa mahali pasipo pake.

Hatua ya 1: Fuata kebo. Inatakiwa ipite kifaa hadi kifaa kama uzi kwenye shanga, bila matawi marefu. Hakikisha unazijua ncha zake mbili.

Hatua ya 2: Funga ncha. Ishara ikikuta waya umeishia hewani hurudi kama mwangwi na kuvuruga biti zinazofuata. Weka rezista ya omu 120 kati ya waya mbili za data, moja kila ncha. Katikati usiweke kitu. Kwa kebo yenye urefu wa mita chache na kasi ya biti 9600 kwa sekunde, unaweza kuiruka hatua hii.

Hatua ya 3: Pima. Zima umeme wa vifaa vyote, kisha pima kati ya waya hizo mbili. Ukiona takriban omu 60, yaani rezista mbili za 120 zikiwa sambamba, uko sawa. Vifaa vingi vikishusha kidogo si neno. Omu 120 maana yake ncha moja haijafungwa. Niliwahi kuitwa kwenye laini ambayo vifaa viwili vilikuwa vimeshabadilishwa bila nafuu. Mita ilisoma 40: kifaa kimoja cha katikati kilikuwa na rezista yake ya ndani, na swichi yake ndogo ilikuwa imewashwa. Nilipoizima, laini ikatulia siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Egemeza, yaani zipe waya tofauti ndogo ya volti ya kudumu wakati hakuna anayetuma. Hapa ndipo wengi hukwama. Asipokuwepo anayetuma, rezista za ncha huzivuta waya zote mbili kwenye volti moja, tofauti inakuwa karibu sifuri. Kipokezi kinahitaji angalau milivolti 200 ili kiwe na uhakika. Chini ya hapo kinaweza kusoma kelele kama data, ukaona baiti ya ajabu mwanzoni mwa ujumbe. Dawa ni rezista mbili: moja kutoka volti 5 hadi waya chanya, nyingine kutoka waya hasi hadi graundi.

Hesabu yake ni hii: milivolti 200 juu ya omu 60 ni miliampia 3.33. Volti 5 kwa mkondo huo ni omu 1,500. Toa 60, gawa kwa mbili, unapata 720. Rezista za 680 zinakupa milivolti 211 tu. Mimi huchagua 560, napata 254. Ziweke mahali pamoja tu. Ukizirudia kila kifaa, unamlemea anayetuma.

Hatua ya 5: Washa, simamisha mawasiliano, pima volti. Chanya ikiwa juu ya hasi kwa zaidi ya milivolti 200, umemaliza. Mita ikionyesha alama ya kutoa, umegeuza waya za kuegemeza. Usiziamini herufi A na B kwenye vifaa: watengenezaji hawakubaliani ipi ni chanya.