Simu ya ofisi inachelewa kuhamishwa? Hesabu sekunde kwanza

Juzi nilikuwa kwenye ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Dar. Dada wa mapokezi anasema "subiri nikuunganishe", halafu kimya, mpaka mteja anachoka na kukata. Mfumo wao ni FreePBX, programu ya kuendesha simu za ofisi kwenye seva, yaani Asterisk kwa ndani, na simu za mezani ni za chapa ya Grandstream. Seva walikuwa wameshaizima na kuiwasha mara nne. Usianzie huko, utafuta ushahidi.

1. Shika saa. Hesabu tangu tarakimu ya mwisho inapobonyezwa hadi simu ya pili ilie. Rudia mara tatu. Ukipata sekunde zilezile kila mara, kuna kitu kinasubiri kwa makusudi. Zikipanda na kushuka, angalia mtandao.

2. Sekunde 4. Ni simu yenyewe: Grandstream ikitoka kiwandani husubiri hivyo ikidhani bado unaandika namba. Malizia namba kwa #. Ikiondoka papo hapo, shusha subira hiyo hadi 2.

3. Sekunde 3, na mnahamisha kwa ##. Hapa Asterisk ndiyo inayosubiri tarakimu zaidi, kwa sababu 101 inaweza kuwa mwanzo wa 1015, au kuna njia ya kutoka nje yenye alama `X.` inayokubali namba yoyote. Safisha hiyo njia, au weka `transferdigittimeout = 2` kwenye faili la features lenye mwisho wa _custom (lile la kawaida FreePBX hulifuta na kuliandika upya). Mimi ## siipendi. Kitufe cha kuhamisha kipo kwenye simu, kitumieni.

4. Sekunde 5. Hii ilinila mchana mzima. Simu za ndani zilihama vizuri mara nyingi, ila kumhamishia mteja bosi aliye nje, kwenye simu yake ya mkononi, ilikuwa sekunde tano kamili. Nikakagua nyaya, nikabadilisha swichi, nikamlaumu mtoa huduma. Kumbe hata kumpigia bosi moja kwa moja kulichelewa vilevile, ila hakuna aliyeshtuka. Kila mtu alidhani ni mtandao wa simu. Kwa hiyo jaribu hilo mapema: piga namba ileile bila kuhamisha.

Halafu fungua sngrep, programu inayoonyesha ujumbe wa simu unaoingia na kutoka kwenye seva. Kusoma logi ndefu ni kujitesa. Niliona REFER (ombi la kuhamisha simu) imeingia 14:14:07, na INVITE (ombi la kupiga simu) ya kwenda nje ikatoka 14:14:12. Katikati hakuna kitu, maana yake seva yenyewe ndiyo ilikuwa imekwama. Nikaandika `time getent hosts` na jina la seva ya mtoa huduma, kupima seva inachukua muda gani kupata anwani ya jina hilo: sekunde tano na ushee. Kwenye /etc/resolv.conf, DNS (inayogeuza majina kuwa anwani) ya kwanza ilikuwa anwani ya ruta waliyoiondoa walipohama kampuni ya intaneti. Linux humsubiri huyo marehemu sekunde 5 ndipo imuulize wa pili.

Angalia mambo mawili. Nililirekebisha faili kwa mkono, kesho yake likarudi lilivyokuwa. Badilisha kwenye mipangilio ya mtandao ya seva. Pili, wao walikuwa bado kwenye chan_sip, sehemu ya zamani ya Asterisk inayoshughulikia simu, ambayo ikisubiri DNS inaweza kuzisimamisha hata simu za ndani, ndiyo maana malalamiko yalichanganyika. Hamieni PJSIP, mrithi wake, chan_sip yenyewe iliondolewa kuanzia Asterisk 21.

5. Inalia haraka, ikipokelewa sauti inachelewa. Weka `direct_media=no` kwenye ekstensheni (namba ya ndani) ili sauti ipitie kwenye seva, na zima SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadilisha ujumbe wa simu.

Jaribio la mwisho mwachie mtu wa mapokezi mwenyewe, kwa vidole vyake. Yule dada alikuwa bado ameshika mkonga nilipomsikia bosi anasema "haloo".