Somo: Kushona breki ya mtumbwi kwa magunia

Anayevua kwa ndoano hapa Bukavu anajua taabu ya upepo. Jiwe la nanga linasaidia ukingoni tu. Kina cha ziwa Kivu kinafika mita 485. Ukishasogea mbele, kamba haigusi chini. Mtumbwi unasukumwa, mshipi unalala, na mpaka wa Rwanda uko humo humo majini. Dawa yake ni breki ya maji: mfuko wazi unaozama mbele ya mtumbwi na kuupunguzia mwendo. Mabaharia wanaitumia tangu zamani, nasi tunaweza kuishona wenyewe.

1. Mdomo. Fundi wa kusudura (kuchomelea vyuma) akukatie chuma cha milimita 6, urefu sentimita 195. Kikikunjwa duara na ncha kupandana, kinatoa upana wa sentimita 60. Kiungo kilainishwe, kisikate gunia.

2. Mfuko. Pasua magunia mawili ya nailoni, yaunganishe, ukate umbo la faneli: urefu sentimita 90, na mkiani tundu la sentimita 12. Shona mara mbili.

3. Kamba nne. Hapa usiharakishe hata kidogo. Kila moja iwe sentimita 80, ifungwe kwenye chuma, si kwenye gunia, kwa nafasi sawa. Zikusanye, zivute zote pamoja zinyooke, ndipo upige fundo moja. Moja ikipungua vidole viwili tu, mfuko unakwenda ubavu na haushiki maji.

4. Boya. Chupa ya lita moja, kifuniko kimekazwa, kwa kamba ya mita moja juu ya chuma. Chuma kinazamisha, chupa inazuia.

5. Kufunga. Kamba kubwa ya mita 10 ifungwe kichwani mwa mtumbwi. Ubavuni kamwe, jamani! Wimbi likikukuta ubavu linakupindua. Kamba nyembamba ya mita 14 ifungwe mkiani na ilegee. Ukiivuta, mfuko unageuka, unamwaga maji, unapanda kirahisi.

MASWALI (mbele ya kila swali ni mahali lilikotoka)

Ibanda: Papa, nikiziba mkia si itashika zaidi?
– Hapana, mdogo wangu. Maji yakikosa njia, mfuko unayumba huku na huku na kukuvuta kwa vishindo. Tundu ndilo linaloutuliza.

Idjwi: Jambo Papa. Vijana wangu wanavua sambaza, wale samaki wadogo, usiku kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa. Itawatosha?
– Haitoshi, Mama. Hii ni ya mtumbwi wa watu wawili. Ile mitatu ni mizito, itauburuta tu.

Bagira: Na mwenye mota?
– Ingiza kwanza mfuko na kamba zote ndani, ndipo uwashe. Kamba ikijizungusha kwenye elisi (propela), mota inazimika na uko katikati ya ziwa.

Kadutu: Inadumu, mukubwa?
– Jua ndilo linalomaliza gunia. Likaushe kivulini. Nyuzi zikianza kukatika ukizisugua kwa kidole, shona gunia jipya. Chuma kinabaki kile kile.