Somo: Kufufua kamera ya Hikvision iliyokufa baada ya kuflashi vibaya

Kila mara napokea ujumbe uleule: "Mkuu, nimesasisha kamera, sasa haionekani popote." Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa. Kamera nyingi zinazouzwa kama skrepa ni nzima. Kilichoharibika ni programu dhibiti iliyo ndani, na hiyo huandikwa upya (ndiko kuflashi) kupitia waya wa mtandao bila hata kufungua skrubu moja.

Somo ni la kamera za IP za Hikvision tu.

1. Tafuta kompyuta ya Windows, swichi ndogo ya kawaida, nyaya mbili za mtandao na adapta ya volti 12 iliyo nzima.

2. Zima Wi-Fi na fayawoli (ulinzi wa mtandao) ya kompyuta.

3. Ipe kompyuta IP 192.0.0.128, maski 255.255.255.0. Sehemu ya geti (gateway) iache wazi.

4. Unganisha kama hatua ya 7 inavyoeleza, washa kamera kisha fungua SADP, programu ya Hikvision ya kutafuta kamera kwenye mtandao. Ukiona kifaa chenye IP 192.0.0.64 na toleo V4.0.8, furahi: kamera iko hai, imeingia kwenye mfumo wake mdogo wa dharura. Usipoona kitu bado endelea, usikate tamaa.

5. Chagua faili. Hapa ndipo kamera zinapofia, kwa hiyo soma polepole. Soko letu limejaa kamera zilizotengenezwa kwa ajili ya China, kisha mtu wa kati akazibadilisha menyu iwe ya Kiingereza. Ukiipa kamera hiyo programu ya kimataifa, ikiwaka inakagua lugha, inakuta haiendani na eneo lake, inajizima na kujiwasha bila mwisho. Angalia siriali namba kwenye stika. Ukiona CCCH katikati, hiyo ni ya China; ukiona CCWR au AAWR, ni ya soko la dunia. Stika hubandikwa upya, kwa hiyo linganisha na siriali inayoonyeshwa na SADP. Kamera ya China irudishie programu ya China, hata kama menyu itakuwa ya Kichina. Picha itaonekana na rekoda itaipokea.

Faili iendane pia na jukwaa la modeli yako: R0, R6, G1 na mengineyo si kitu kimoja. Kamera mbili zinaweza kufanana kwa umbo huku ndani zikiwa na chipu tofauti. Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji, si kwenye kundi la WhatsApp.

6. Tengeneza folda yenye jina fupi kwenye C:, weka humo programu ya TFTP ya Hikvision (ndiyo inayoitumia kamera faili kupitia mtandao) pamoja na faili ulilochagua hatua ya 5, liitwe digicap.dav. Programu hiyo iwashe kama msimamizi.

7. Unganisha kompyuta kwenye swichi, na kamera kwenye swichi hiyohiyo. Usichomeke kamera moja kwa moja kwenye laptopu! Kamera ikipata umeme huuliza faili kwa sekunde chache tu. Ukiwa umeunganisha moja kwa moja, poti ya laptopu nayo inalala kamera inapozimwa, na inapoamka kamera imeshaacha kuuliza. Swichi huifanya laptopu iwe macho muda wote. Swichi zile kubwa za ofisini nazo ziepuke, baadhi huchelewesha poti kwa nusu dakika kabla ya kupitisha data.

8. Chomoa umeme wa kamera, uchomeke tena. Utaona "test OK", kisha faili linaanza kutumwa, mwisho "system update completed". Baada ya faili kufika, kamera inaandika memori yake. Usiguse umeme hapo. Ikizimika katikati ya kuandika, utaanza upya, na huenda safari hiyo ukahitaji kufungua kamera.

9. Ikimaliza, FUNGA programu ya TFTP kabla kamera haijawashwa tena. Ukiiacha wazi, kamera italikuta faili na kujiflashi upya kila inapowaka.

10. Rudisha fayawoli, fungua SADP, weka nywila mpya. Anwani itakuwa 192.168.1.64.

MASWALI YA WANACHAMA

Dogo_CCTV: Mkuu kamera yangu haiwaki nifanyeje
Jibu: Modeli? Siriali? Adapta umeipima? Umefika hatua ya ngapi?

Dogo_CCTV: Sijui modeli. Nitumie tu faili
Jibu: Hapana. Faili lisilo lake ndilo linaloua. Hatua ya 5.

Bint Rashid: Shikamoo fundi. Mimi naishia "test OK", halafu kimya.
Jibu: Marahaba. Hapo kamera imeiona kompyuta ila haijapata faili. Windows huficha mwisho wa jina, kwa hiyo huenda lako ni digicap.dav.dav. Onyesha viambishi vya majina ya faili uhakikishe. La pili, pima ukubwa. TFTP ya asili hutuma vipande vya baiti 512 na huhesabu hadi 65,535, kwa hiyo ikifika karibu MB 32 hesabu inaisha. Kama faili lako ni kubwa zaidi, tumia programu ya Paitoni iitwayo hikvision-tftpd.

Bint Rashid: Asante, lilikuwa hilo la jina. Naomba kujua, kwa nini lazima IP ile ya hatua ya 3?
Jibu: Swali zuri. Anwani hizo zimeandikwa ndani ya programu ya kuwashia, ile inayotangulia kila kitu. Kamera hutuma pakiti inayoanza na herufi SWKH kwenda 192.0.0.128, poti 9978. Kompyuta ikiirudisha pakiti hiyohiyo, kamera inajua mwenyeji yupo, ndipo inaomba faili kupitia poti 69. Ukiwa na Wireshark, programu ya kuchungulia data za mtandao, unaweza kuitazama ikipita.

Mzee wa Nyaya: Si afadhali mtu asisasishe kabisa?
Jibu: Sikubaliani, mzee wangu. Mwaka 2021 ilitangazwa kasoro ya usalama ya kamera za Hikvision, namba yake CVE-2021-36260, inayomwezesha mtu kuendesha amri ndani ya kamera bila nywila. Kamera ya zamani iliyofunguliwa intaneti ni hatari kwa nyumba nzima. Sasisha, ila kwa faili sahihi.

Fundi Unguja: Mimi naona nusu ya "kamera zilizokufa" ni adapta. Mchana inafanya kazi, usiku taa za infraredi zikiwaka inajizima.
Jibu: Kweli kabisa. Pima volti usiku, kwenye ncha ya kamera, si ukutani. Waya mrefu na mwembamba hula volti.

Fundi Unguja: Na huku pwani chumvi inakula pini za RJ45, ile plagi ya waya wa mtandao.
Jibu: Tumia kile kifuniko cha plastiki kinachokuja kwenye boksi, wengi hukitupa. Paka pini grisi ya silikoni kidogo, kisha kiungo kiingie ndani ya boksi la maungio, tundu la waya likiangalia chini.