Somo: Kuijua asili ya mwili wako kwa Ayurveda (vata, pitta, kafa) bila kudanganywa na dodoso

Dodoso za vata, pitta na kafa, yaani dosha au nguvu tatu za mwili katika Ayurveda (tiba ya jadi ya India), zimejaa mtandaoni, na nyingi hukupa jibu kwa dakika mbili. Kasoro yao kubwa ni kuchanganya mambo mawili ambayo Ayurveda yenyewe huyatenganisha: prakriti, yaani asili uliyozaliwa nayo, na vikriti, yaani namna mwili ulivyokaa sasa hivi. Mtu ambaye mwezi mzima halali vizuri, choo kigumu na midomo imekauka, akijibu dodoso ataambiwa "wewe ni vata". Kumbe huenda ni kafa aliyevurugwa na zamu za usiku. Akianza kula samli na vyakula vizito kama vata wa kuzaliwa, vurugu ikishatulia atabaki anaongezeka uzito na kifua kimejaa makohozi.

Msingi wenyewe ni mfupi. Vata ni uwazi na hewa: ndiyo inayoendesha kila mwendo mwilini, na makao yake makuu ni utumbo mpana. Pitta ni moto pamoja na maji kidogo: inameng'enya chakula na kutoa joto, na hukaa zaidi utumbo mdogo. Kafa ni maji na ardhi: inajenga, inalainisha, inashikilia, na makao yake ni kifua na tumbo la chakula. Kila mtu anazo zote tatu. Kinachotofautiana ni kipimo. Kwa hiyo aina huhesabiwa saba: tatu za dosha moja, tatu za dosha mbili, na moja adimu ambayo zote zimelingana.

Hatua ya 1: Daftari lenye safu mbili

Safu ya kwanza iandike "tangu zamani", ya pili "miezi mitatu hii". Kila swali utalijibu mara mbili. Safu ya kwanza usiijaze peke yako. Muulize mama, shangazi au ndugu uliyelala naye chumba kimoja utotoni. Watu husahau walivyokuwa, hasa uzito. Uzito unaohesabika hapa ni wa miaka 18 hadi 20, kabla ya uzazi na kabla ya kazi ya kukaa kitini. Kitambi kilichoota ukubwani si ushahidi wa kafa ya kuzaliwa.

Hatua ya 2: Mwili (maswali 5)

Umbo la mifupa: vata ni mwembamba, ama mrefu sana ama mfupi sana, vifundo vimetokeza na hulia, pitta ni wa wastani, kafa ana mifupa mipana, na viungo vimefunikwa vizuri. Ngozi: vata ni kavu na visigino hupasuka hata wakati wa masika, pitta ni ya moto, rahisi kutoka chunusi na harara, kafa ni nene, nyororo, ina mafuta. Meno (kuanzia hapa majibu matatu yakitajwa bila jina, mpangilio ni vata, pitta, kafa): yamepishana, ya wastani, au makubwa yaliyopangika. Mikono na miguu: baridi na mikavu, ya moto, au baridi yenye unyevu. Nywele: hapa simama kidogo.

Dodoso nyingi ziliandikwa kwa kuwatazama Wahindi na Wazungu. Zinasema nywele kavu za kujisokota ni vata, nyekundu au za kahawia ni pitta, nzito zenye mawimbi ni kafa. Kwa kipimo hicho karibu Waafrika wote tutakuwa vata, jambo ambalo haliwezekani. Dawa yake ni kujilinganisha na watu wa damu yako, usijilinganishe na picha. Kati ya ndugu zako wa tumbo moja, nywele za nani hukatika upesi (vata)? Nani aliota mvi au kipara mapema (pitta)? Nani ana nywele nzito zisizokatika hata zikisukwa kila wiki (kafa)? Rangi ya ngozi na ya macho ifanyie hivyo hivyo, au iruke kabisa.

Hatua ya 3: Kazi za mwili (maswali 6)

Sehemu hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu haitegemei kabila wala sura.

Njaa ya vata haitabiriki: leo sahani mbili, kesho hataki hata kuonja. Pitta akicheleweshewa chakula kichwa kinamuuma na hasira zinapanda. Kafa anaweza kukosa chai ya asubuhi akafika saa saba mchana asione tofauti. Choo cha vata ni kigumu na huruka siku. Cha pitta ni laini, mara mbili au zaidi kwa siku. Cha kafa ni kizito na huja kwa wakati. Jasho: haba, jingi lenye harufu kali, la wastani. Usingizi: mwepesi wa kukatika, mfupi lakini wa kutosha, mzito mrefu. Hali ya hewa usiyoivumilia: baridi na upepo kwa vata, joto kwa pitta, baridi yenye unyevu kwa kafa. Nguvu: huja na kuisha ghafla, kali lakini ya muda, ya polepole isiyoisha.

Hatua ya 4: Akili (maswali 4)

Kujifunza (vata hushika upesi na kusahau upesi, kafa hushika taratibu lakini hasahau), usemi, hisia inayokuja kwanza ukibanwa (woga, hasira, kujifungia), na matumizi ya pesa. Usikae sana hapa. Watu hujipendelea.

Hatua ya 5: Jumlisha na ulinganishe

Una majibu 15 kwa kila safu. Katika safu ya kwanza, dosha moja ikipata 9 au zaidi, hiyo ndiyo asili yako. Mbili zikikaribiana, wewe ni wa dosha mbili. Hesabu hii ni ya kurahisisha kazi tu. Vitabu vya kale havikuweka namba. Kisha tazama safu ya pili. Dosha iliyopanda kupita ile ya "tangu zamani" ndiyo vikriti, na ndiyo unayoishughulikia. Safu zikifanana, huna cha kurekebisha. Endelea kula unavyokula.

Hatua ya 6: Rekebisha kwa kinyume, jambo moja kwa siku 14

Kanuni ni kwamba kinachofanana huongeza, kilicho kinyume hupunguza. Ladha ziko sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na kakasi. Tatu za mwanzo hutuliza vata. Tamu, chungu na kakasi hutuliza pitta. Kali, chungu na kakasi hupunguza kafa.

*Vata imepanda:* kula vya moto, vyenye majimaji na samli, kwa saa zilezile kila siku. Acha bisi, mkate mkavu, na kuruka mlo. Maharage yaungwe kwa chembe ya mvuje. Jipake mafuta ya ufuta mililita 30 hadi 50, chupa ikiwa imepashwa ndani ya bakuli la maji moto (usiyaweke motoni), dakika 15 kabla ya kuoga. Usijipake ukiwa na homa au ukiwa umetoka kula. Na tahadhari na bafu la vigae: wazee huteleza.

*Pitta imepanda:* punguza pilipili, achari, pombe na kahawa. Ponda kijiko cha chai cha mbegu za giligilani, loweka katika glasi ya maji usiku, chuja unywe asubuhi. Mafuta ya kujipaka ni ya nazi.

*Kafa imepanda:* punguza maziwa, sukari, ngano na vya kukaanga. Acha kulala mchana. Tembea kwa kasi kabla ya saa nne asubuhi, kwani saa 12 hadi saa 4 ndio muda wa kafa, na ukiendelea kulala unaamka mzito zaidi. Badala ya mafuta, jisugue kwa unga mkavu wa dengu.

Usiyejua pa kuanzia, anza na kichri, chakula ambacho hakimwudhi mtu. Choroko zilizokobolewa nusu kikombe, mchele nusu kikombe, maji vikombe vinne. Kaanga jira kijiko cha chai na tangawizi iliyokunwa ndani ya kijiko kikubwa cha samli, tia manjano nusu kijiko cha chai, mimina nafaka na maji, pika dakika 35 hadi ziive kabisa. Choroko zikiwa na maganda huchelewa kuiva na humjaza gesi mwenye vata.

Kinachoharibu kazi ni kubadili mambo sita kwa siku moja. Tumbo likitulia hutajua lipi limelituliza.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Tanga: Shikamoo mwalimu. Nimepata vata 6, pitta 6, kafa 3. Cha vata kinapandisha pitta. Nile nini?

Marahaba. Fuata majira. Kaskazi ikipiga na joto likizidi, linda pitta. Kipupwe na upepo wa kusi vikija, linda vata. Ladha tamu ya asili (wali, viazi vitamu, ndizi zilizopikwa) inawafaa wote wawili, basi ifanye msingi wa sahani.

Mwanachama, Mombasa: Wanakataza samaki na maziwa pamoja. Sasa samaki wa kupaka tuache?

Hapana. Katazo la Ayurveda ni la maziwa ya mnyama. Tui la nazi halimo. Kafa atumie tui jepesi, kwa kuwa nazi ni nzito.

Mwanachama, Zanzibar: Huku kwetu tuna mizaji minne: damu, balghamu, safura, sauda. Kafa si ndiyo balghamu?

Zinakaribiana, na pitta inakaribia safura, ile nyongo ya manjano. Inapogoma ni kwa vata. Sauda nayo ni baridi na kavu, lakini sauda ni kimiminika, ilhali vata ni mwendo. Tena Ayurveda haihesabu damu kuwa dosha. Tiba ya Yunani, yenye mizaji hiyo minne, ina mizani yake. Usichukue orodha ya vyakula ya huku ukaitumia kule.

Mwanachama, Nairobi: Daktari wa Ayurveda alinishika mkono akasema pitta. Daftari linasema kafa. Nani mkweli?

Huenda wote. Mapigo husomwa kwa vidole vitatu: cha shahada husikiliza vata, cha kati pitta, cha pete kafa. Kinachosikika upesi ni hali ya leo, yaani vikriti. Ukipimwa baada ya kula, kuoga au kupanda ngazi, hata hiyo haitasikika sawa. Omba upimwe tena asubuhi, tumbo likiwa tupu.

Mwanachama, Muscat: Nina sukari, na nimeletewa vidonge kutoka India vimeandikwa "bhasma". Vinafaa kwa kafa?

Usivimeze. Bhasma ni majivu, mara nyingi ya madini. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulikuta risasi, zebaki au aseniki katika dawa 14 kati ya 70 zilizouzwa eneo la Boston. Ule wa 2008, wa dawa za kununuliwa mtandaoni, ulikuta karibu moja kati ya tano. Prakriti pia haipimi sukari, kwa hiyo dawa za hospitali usiziache wala kuzipunguza kwa sababu ya daftari hili. Kama umeshaanza kuvimeza, nenda hospitali na kopo lenyewe, uombe kupimwa risasi katika damu.