Miji Miwili, Karakana Mbili: Jinsi ya Kubadilishana Vijana Mafundi kati ya Mwanza na Kisumu

Urafiki mwingi wa miji hufa kwa sababu fedha zake zote hutumika kuwasafirisha watu wazima. Madiwani wanakwenda, wanapokelewa, wanasaini, wanarudi, na kijana wa Igogo kule Mwanza au Nyalenda kule Kisumu hajashika hata nyundo. Mwongozo huu ni wa afisa maendeleo ya jamii, afisa vijana au mwenye karakana anayetaka ushirikiano ambao mwisho wake kijana ana ujuzi uliopimwa, cheti kinachosomeka pande zote mbili za mpaka, na watu anaowafahamu katika mji wa pili. Mfano ni Mwanza na Kisumu, lakini hatua zinafaa kwa Tanga na Mombasa, Kigoma na Uvira, au Bukoba na Masaka.

Anza na fundi, si na hati

Chagua fani moja tu. Ukiweka ushonaji, kompyuta, ufugaji wa samaki na uchomeleaji kwenye mpango mmoja, kila kimoja kitapata vijana wawili na hakitakuwa na mwalimu. Fani nzuri ni ile ambayo miji yote miwili inaihitaji na kila mmoja una kitu ambacho mwenzake hana. Kwa Mwanza na Kisumu, uchomeleaji wa chuma unatimiza masharti hayo. Mwanza Kusini ndiko ilikojengwa MV Mwanza Hapa Kazi Tu, meli ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Kisumu kuna karakana iliyojenga MV Uhuru II. Kandokando ya shughuli hizo kubwa kuna mamia ya mafundi wa mageti, matangi, boti na vizimba vya samaki, na wengi wao walijifunza kwa kuangalia tu.

Kabla ya barua yoyote rasmi, tembelea karakana 15 hadi 20 katika mji wako na uulize maswali matatu: mwaka uliopita uliajiri wangapi wapya, ni kazi gani uliikataa kwa kukosa fundi, na je, utakubali kumsimamia mgeni kwa wiki 12? Mwenzako wa upande wa pili afanye vivyo hivyo. Zisipopatikana karakana nne kila upande zinazosema ndiyo kwa swali la tatu, badilisheni fani. Usijidanganye kwamba zitapatikana mbele ya safari.

Nani anasaini

Hapa ndipo miezi hupotea, kwa sababu miji hii miwili haifanani kisheria. Jiji la Mwanza lina Baraza la Madiwani na Mkurugenzi wake, na mwenye kipande kingine cha mji ni Manispaa ya Ilemela. Karakana ya Igogo iko kwa mmoja, ya Kirumba iko kwa mwingine. Kama karakana zenu ziko pande zote mbili, washirikisheni wote wawili tangu mwanzo. Azimio la baraza hupelekwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa na kisha OR-TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa.

Upande wa Kenya, Jiji la Kisumu linaendeshwa na bodi na meneja chini ya Serikali ya Kaunti, kwa mujibu wa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Mambo ya nje ni ya serikali kuu, yamo kwenye Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo kaunti haiwezi kujisainia mkataba na mji wa nchi nyingine bila kushauriana na Nairobi. Njia isiyo na maumivu ni kuandika hati ya makubaliano ya kurasa tatu au nne, inayosema wazi kwamba haimfungi mtu kifedha nje ya bajeti yake mwenyewe. Wanasheria wa serikali hupitisha hati ya namna hiyo mapema zaidi.

Nchi zote mbili huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai. Makadirio ya kaunti ya Kenya sharti yafike bungeni kwake kufikia tarehe 30 Aprili, na halmashauri za Tanzania hujadili bajeti mapema zaidi ya hapo. Ukitaka vijana waingie karakana Agosti, mazungumzo yaanze Oktoba ya mwaka uliotangulia. Na angalia kalenda ya uchaguzi: Kenya inapiga kura Agosti 2027, hivyo kundi la katikati ya mwaka huo lipelekwe Januari.

Kila mji ulipie wageni wake

Kanuni hii ndiyo moyo wa mpango mzima. Mwanza isipeleke shilingi moja Kisumu, wala Kisumu isitume kitu Mwanza. Mwanza inalipia nyumba, chakula na vifaa vya vijana wa Kisumu walioko Mwanza, na Kisumu inafanya hivyo kwa vijana wa Mwanza. Idadi iwe sawa, nne kwa nne katika kundi la kwanza. Fedha inatumika ndani ya nchi, kwa sarafu ya nchi, kwa risiti za nchi, na mkaguzi hana la kuhoji. Miradi mingi ya kuvuka mpaka imekwama kwenye akaunti ya pamoja ambayo hakuna mhasibu aliyekubali kuisaini.

Kinachobaki nje ya kanuni hiyo ni nauli na hati za kusafiria, na kila mji ulipie za watu wake. Kama kuna mshirika wa tatu, na Mwanza ina urafiki na Würzburg tangu 1966 na Tampere tangu 1988, mwombe alipie vitu vinavyohesabika, kama vijiti vya kuchomelea, helmeti au mashine ya majaribio. Usimwombe mishahara ya ofisi, kwa maana siku akiondoka ofisi inafungwa.

Kosa la kawaida upande wa Tanzania ni kutaka kutumia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kulipia posho za mafunzo. Fedha hiyo ni ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Nafasi yake ni mwishoni, vijana wakirudi na kuunda kikundi cha kununua mashine yao. Upande wa Kenya, wanaorudi wasajiliwe AGPO, mpango wa serikali wa kuyapa makundi maalumu nafasi ya zabuni, ambako asilimia 30 ya zabuni za umma imetengwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Madawati ya chuma na mageti ya shule ni kazi inayowafaa kabisa.

Vyeti vinavyosomwa kichwa chini

Kenya, majaribio ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, yanaanza Grade III na kupanda hadi Grade I, yaani namba ndogo ndiyo fundi mkubwa. Tanzania, vyeti vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, vinaanza ngazi ya kwanza na kupanda hadi ya tatu, namba kubwa ndiyo fundi mkubwa. Kijana wa Mwanza mwenye ngazi ya tatu anafika Kisumu, mwajiri anasoma "tatu" na kumpa kazi ya kushika grenda. Mwenye Grade I anafika Mwanza na kuonekana mwanafunzi. Andikeni jedwali la nusu ukurasa, kwa Kiswahili na Kiingereza, mlibandike kwenye kila cheti.

Jedwali pekee halitoshi, kwa sababu mwenye karakana huamini chuma kuliko karatasi. Kwa hiyo wekeni jaribio moja la pamoja, lifanyike mwanzo na mwisho, pande zote mbili, mbele ya fundi mmoja wa kila mji. Mabamba mawili ya chuma laini, unene milimita 10, yanaunganishwa yakiwa yamesimama. Yakishapoa, kata vipande viwili vyenye upana wa milimita 38 kwa kupita katikati ya mchomeleo. Saga juu na chini hadi pawe laini, kisha pinda kila kipande kwenye mhimili wa kipenyo cha milimita 38 mpaka kiwe umbo la U, kimoja uso wa mchomeleo ukiwa nje, kingine upande wa mzizi, yaani chini kabisa ya mchomeleo. Angalia mgongo wa U. Ufa au tundu linalozidi milimita 3 ni kufeli. Mara nyingi mzizi ndio unaofunguka: kijana alipitisha kijiti haraka, chuma hakikuyeyuka hadi chini, juu pakaonekana pamependeza. Mwonyeshe kipande hicho mkononi mwake. Somo hilo halihitaji ubao.

Wasiokuwa na cheti chochote lakini wana miaka kazini wasiachwe. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na NITA huwapima mafundi wa jua kali. Wapimwe kabla ya kusafiri, siyo baada.

Kuchagua vijana

Tangazo libandikwe kwenye ofisi za kata na kwenye karakana zenyewe. Alama 60 kati ya 100 zitoke kwenye jaribio la vitendo, zilizobaki kwenye mahojiano mafupi na hali ya maisha. Matokeo ya wote, walioshinda na walioshindwa, yabandikwe kwa namba ya mshiriki. Bila hilo, mtaa mzima utasema ni watoto wa wakubwa, na mara nyingine mtaa utakuwa na haki. Kati ya wanne, angalau wawili wawe wasichana. Mmoja peke yake kati ya wanaume kumi wa karakana huacha kazi mapema, na kosa si lake.

Mpaka, pasi na bima

Barabara inapitia Sirari na Isebania, kituo cha pamoja cha mpakani. Kenya, Uganda na Rwanda zinakubaliana vitambulisho vya taifa kama hati ya kusafiria tangu 2014, lakini Tanzania haimo kwenye utaratibu huo, hivyo kijana wa Kisumu asifike Sirari na kitambulisho pekee. Kila mmoja awe na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, maana kadi huanza kutambulika siku ya kumi.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2010, inatofautisha kazi ya zaidi ya siku 90, inayohitaji kibali cha kazi, na ile ya muda mfupi, inayotosha kwa pasi maalumu. Ndiyo sababu ya wiki 12: ni siku 84, unabaki na siku sita za dharura. Hata hivyo kijana anayejifunza yuko katikati ya mwanafunzi na mfanyakazi, na afisa mmoja anaweza kumtaka hiki na mwingine kile. Andikieni Uhamiaji wa pande zote wiki nane kabla, mkiambatanisha majina, tarehe na barua ya karakana, na kila kijana abebe nakala ya jibu.

Bima ya ajali isiwe suala la baadaye. Kenya inayo sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, Tanzania inao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Muulize mwenye karakana kwa maandishi kama mgeni anahesabiwa. Kama jibu haliko wazi, nunueni bima binafsi ya wiki 12 na nambari yake iandikwe kwenye kitambulisho cha kijana.

Wiki 12 karakanani

Kila kijana apewe helmeti yenye kioo namba 10 au 11, glavu za ngozi ndefu, ovaroli ya pamba (ya nailoni inayeyukia mwilini), na viatu vyenye chuma mbele. Mazoezi ya kweli yanakula vijiti 25 hivi kwa siku. Pakiti ya kilo 5 ya vijiti vya milimita 3.2 ina kama 150, basi hesabu pakiti moja kwa wiki, 12 kwa kijana. Karakana isiachiwe mzigo huo, la sivyo mgeni atafagia tu. Wiki nne za kwanza tumia vijiti vya aina ya E6013, kisha hamia E7018. Hii ya pili haivumilii unyevu, na ziwani unyevu uko kila mahali: kijiti kilichovuta maji huacha matundu ndani ya mchomeleo. Pakiti iliyokaa wazi ikaushwe kwenye oveni saa mbili kwa nyuzi 260 hadi 430. Karakana isiyo na oveni ifungue pakiti ndogo tu, zitakazokwisha siku hiyo.

Kuishi na wenyeji

Usiwaweke wageni hotelini. Panga nyumba moja karibu na karakana, wageni wanne na wenyeji wanne wa fani ile ile, chumba kimoja mgeni na mwenyeji. Mwenyeji ndiye atakayemwonyesha sokoni, kumsajilia laini ya simu kwa pasipoti, na kumfundisha maneno ya Kidholuo au Kisukuma ambayo mafundi hutumia wakitaniana. Siku ya kwanza, Mwanza, wapelekeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kisumu, kwa chifu na mzee wa mtaa. Mgeni aliyetambulishwa hasumbuliwi usiku. Wasichana wapewe namba ya mwanamke mmoja, aliye nje ya karakana, wanayeweza kumpigia saa yoyote.

Baada ya kurudi

Chukueni namba tatu za simu za kila kijana, yake na za ndugu wawili, kwa ridhaa ya maandishi, kwa sababu nchi zote mbili zina sheria ya kulinda taarifa binafsi. Pigeni siku ya 30, ya 90 na ya 180. Ulizeni mambo manne tu: wiki iliyopita ulifanya kazi siku ngapi, ulipata shilingi ngapi, mashine ni ya nani, na ni nani wa ule mji mwingine uliyeongea naye mwezi huu. Wapigieni pia wale waliofaulu jaribio wakakosa nafasi, ili mjue kama mpango umebadili kitu au vijana hao wangefika hapo bila nyie. Majibu ya siku ya 90 yawe mezani kabla ya kutangaza nafasi za kundi la pili, na karakana ambayo mgeni wake alirudi bila kufaulu kupinda kile kipande cha chuma isipewe mwingine mpaka ieleze kilichotokea.