Kabla hujamwaga mbegu za chainizi uani

Wengi tunaanzia duka la pembejeo, unanunua pakiti ya mbegu halafu ndo unaanza kutafuta pa kuzimwaga. Mi nilifanya hivyo hivyo hapa Moshi, tena mwezi wa kwanza, na jua la Moshi mwezi wa kwanza unalijua, chainizi ikafika urefu wa kiganja tu ikachomoa shina katikati na maua ya njano juu, sungura wa jirani wakala sikukuu. Kwa hiyo angalia kalenda kwanza. Hii mboga inapenda kaubaridi, joto likizidi na udongo ukikauka inakimbilia maua na majani yanakuwa machungu. Huku mjini Moshi subiri masika yapungue, mwishoni mwa mwezi wa tano hivi, una nafasi mpaka wa nane. Nyie wa Arusha mko juu, kama mita 1,400, mnajidai muda mrefu zaidi, ila Januari na Februari wekeni kivuli cha mchana.

Sasa maji. Mizizi yake iko juu juu, siku mbili za ukame inakasirika. Kama bomba kwenu linatoka kwa zamu, nunua pipa kabla ya mbegu, siongei utani, na maji ya kuoshea mchele usimwage. Halafu majani makavu ya migomba si tunayo kibao, yatandaze kwenye tuta udongo usikauke haraka.

Samadi nayo isiwe mbichi, itaunguza miche. Mi nazamisha mkono kwenye lundo, nikikuta bado kuna joto au inanuka mkojo naiacha, ikiiva inakuwa nyeusi inamong'onyoka kama udongo wa chini ya migomba. Huna eneo? Gunia au ndoo iliyotobolewa chini inatosha, udongo sentimita 20 kwenda chini. Ila usipande palipokuwa na sukuma, kabichi au figiri, hizo ni ukoo mmoja na chainizi na wadudu wao wanakuwa bado wapo.

Wadudu wenyewe sasa. Kuna tudude tweusi, tudogo kuliko kichwa cha kiberiti, ukigusa jani tunaruka kama viroboto. Asubuhi unakuta jani lina vitobo vitobo kama mtu kalichoma sindano, mche ukiwa mdogo ndo basi tena. Andaa mapema pazia jepesi la zamani, lipitishe juu ya fito, kingo zifukie na udongo siku hiyo hiyo unayopanda, sio ukishaona vitobo. Litazuia na kuku, maana kuku akiingia mara moja tu huna shamba.

Usimwage pakiti nzima, inakomaa kwa mpigo kama siku 45 hivi na mtachoka kula, mwaga kidogo kila baada ya wiki mbili, kina sentimita moja tu. Ikiota punguzia, acha kama sentimita 20 kati ya mche na mche, ulivyong'oa tia kwenye sufuria. Na soma tarehe kwenye pakiti. Zile za kupimiwa kwenye kikaratasi sokoni mi nishakoma, mbegu za ukoo huu zinafanana zote, nilimwagilia wiki tatu nzima nangoja chainizi, ikatoka figiri.