Uta wa kampaundi kwa mwenye bega bovu: mwongozo kwa Wazanzibari walioko nje

Anza na sheria ya nchi uliyopo, uta baadaye. Uingereza hairuhusu kuwinda mnyama wa mwituni kwa upinde. Sheria ya 1981 imelifunga jambo hilo, na mwenye uta huko anaishia klabuni kupiga shabaha. Denmark inaruhusu, ila kwa mtihani wake mbali na ule wa bunduki. Marekani majimbo yote 50 yanaruhusu kuwinda kulungu kwa upinde, kila moja kwa masharti yake. Mengi yana kibali cha mwenye ulemavu: kwa cheti cha daktari huweza kukubaliwa kutumia upinde wenye kitako kama bunduki, au kifaa kinachoushikilia uta ukishavutwa. Kiombe miezi kabla ya msimu. Na ukija likizo Unguja, uta uache huko huko; paa nunga wetu wamebaki wachache.

Uta wa asili kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito. Wa kampaundi, uliosajiliwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri mwaka 1969, una kamu, yaani magurudumu yasiyo duara kamili, kwenye ncha za mabawa, zile pande mbili za uta zinazopinda. Uzito hupanda mwanzo wa mvuto, kisha kamu zikigeuka unaporomoka. Uta wa ratili 40 wenye punguzo la asilimia 80 unakubakishia ratili 8 tu za kushikilia ukisubiri mnyama ageuke. Kwa hiyo bega linaumia njiani, si mwishoni, na uzito uuchague kwa kile kipande cha njiani.

Kipimo chake ni hiki. Pachika mshale, kaa kitako mbele ya shabaha, nyanyua miguu yote miwili, vuta taratibu uta ukiwa sawa na ardhi. Ukilazimika kuuelekeza juu ndipo uvutike, ni mzito kwako, hata kama muuzaji anakwambia utazoea. Shuka hadi 35, hata 30, lakini tazama kima cha chini cha jimbo lako. Mengi yanataka kati ya 30 na 40 kwa kulungu. Uzito hupunguzwa kwa boliti za mabawa: mzunguko mmoja hutoa takriban ratili mbili au tatu. Zungusha ya juu na ya chini sawasawa, wala usivuke idadi iliyoandikwa kwenye kitabu cha uta, maana bawa likichomoka halichagui pa kupiga. Kubadili upote, ile kamba ya uta, ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kubana mabawa.

Urefu wa mvuto: tanua mikono, pima ncha ya kidole hadi ncha ya kidole kwa inchi, gawanya kwa 2.5. Inchi 70 inatoa 28. Kiwiko kisichonyooka kinaiharibu hesabu hiyo, basi upimwe dukani kwa uta mwepesi. Mvuto ukiwa mrefu kupita kiasi, upote hukuchapa mkono na mwili hulala nyuma, na maumivu ya bega hurudi.

Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu atafute uta mfupi, inchi 28 hadi 31 kati ya kamu na kamu. Mrefu zaidi, kamu ya chini hugonga paja au gurudumu wakati wa kufyatua. Kaa ubavu kwa shabaha, funga breki, ondoa egemeo la mkono upande unaovuta. Vidole visivyo na nguvu havina haja ya kugusa upote: kifyatulio cha kufunga kwenye kifundo cha mkono kinabeba mzigo wote. Mwenye mkono mmoja anaweza kuvuta kwa meno, akiuma kipande cha ngozi kilichofungwa kwenye upote kwa magego, lakini amwone daktari wa meno kwanza. Matt Stutzman, mpiga mishale wa Marekani asiye na mikono, hushika uta kwa mguu na kuvuta kwa mkanda wa begani. Kwenye Paralimpiki ya Paris 2024 alichukua dhahabu.

Uta mwepesi unadai mshale mzito. Kwa ratili 40 chukua mshale wa greni 400 hivi, yaani gramu 26. Ukienda futi 200 kwa sekunde, unafika na nguvu ya futi-ratili 35, inayomtosha kulungu aliyesimama ubavu ndani ya mita 18. Zaidi ya hapo usipige. Chembe, ile ncha ya mshale, iwe ya makali mawili yasiyokunjuka, makali ya kunyolea. Zile zinazofunguka zikigonga zinakula nguvu usiyokuwa nayo.

Makali hayo yana hukumu pia. Katika hadithi ya Adi bin Hatim, kilichotobolewa kwa ncha huliwa, kilichopigwa kwa ubapa hakiliwi. Bismillahi ni wakati wa kuachia. Ukimkuta hai, mchinje; ukimkuta amekufia majini, mwache. Kwa hiyo usiyeweza kuinama au kufuata damu porini, enda na mwenzio anayejua kuchinja, na kisu kiwe naye.

Lenga nyuma ya bega la mbele, kwenye mapafu, kisha subiri nusu saa kabla ya kufuata. Mshale ukitoka na uchafu wa tumbo, subiri saa 6 hadi 8. Ukimkimbilia atahama na utampoteza.

Mazoezi yaanze hatua tano kutoka kwenye shabaha, mishale 15 kwa siku, na uache kabla bega halijachoka. Jizoeze pia kuurudisha uta bila kufyatua, kwani punguzo kubwa hukuvuta mbele kwa ghafla. Usifyatue kamwe bila mshale: nguvu inakosa pa kwenda, inarudi kwenye mabawa na kuyapasua. Na piga mara kadhaa ukiwa umevaa koti lile lile la baridi utakalowindia, kwa sababu mkono wa koti ukiguswa na upote mshale unakwenda kando.